Msumari wa Dirisha la Mama Joan

Edah Nabwile ndiye mtu mwoga kuliko wote niliowahi kupakana nao, na nimepakana na wengi. Nasema hivi nikimpenda. Miaka kumi na minne tumeishi kwenye ploti moja pale Matisi, mjini Kitale, yeye na mumewe Khaemba upande ule, mimi upande huu. Paa letu la mabati ni moja, na ukuta wa katikati haujafika juu, kiasi kwamba nikipiga chafya chumbani kwangu, yeye huniambia pole bila kuinuka kitandani kwake. Jina lake halitajwi sana. Tunamwita Mama Joan, kwa bintiye wa pekee, ambaye ni mwalimu Bungoma. Mimi naitwa Jerono, lakini yeye hajawahi kuniita hivyo. Kwake mimi ni Mama Kipchirchir.

Kwetu mlimani, juu ya Kimilili, mtoto wa kike hufunzwa mapema kujikaza kisabuni. Kwa hiyo nilipohamia pale na kumkuta huyu mama anayeogopa kila kitu, nilimcheka. Aliogopa mbwa. Aliogopa sindano, madaraja na simu inayolia kabla ya mapambazuko. Mtu akivaa sare, hata awe bawabu wa benki, Mama Joan alihamia upande wa pili wa barabara. Radi ndiyo usiseme. Hapo ana haki yake, maana akiwa darasa la nne huko Chwele radi ilipiga mti nje ya darasa lao na kumuua mwalimu aliyekuwa amejikinga mvua chini yake. Anakumbuka viatu vyake. Lakini kuliko radi, kuliko mbwa na sare zote za serikali, aliogopa wezi. Dirisha la chumba chake cha nyuma alilikomea kwa msumari wa inchi nne, akaupinda ncha, na miaka yote hiyo sikuwahi kuliona wazi.

Na alikuwa mtu wa maombi. Sisi wengine kanisani tukisimama kuomba tunaanza na mbingu na nchi, tunazunguka weee, ndipo tufike kwenye shida iliyotuleta. Mama Joan hukunja ngumi, akataja kinachomwogopesha, kisha akaifungua ngumi na kusema, "Shika." Basi. "Bwana, naogopa radi. Shika. Bwana, naogopa mbwa wa Kimaiyo. Shika." Kina mama walikuwa wakiangua kicheko ndani ya leso, nami nikiwa wa kwanza. Alianza kuomba hivyo Joan alipokuwa mdogo, mtoto aliyekataa kulala kwa kuogopa giza. Joan akakua, akaolewa, akaenda kufundisha Bungoma. Mama akabaki na maombi ya mtoto.

Sasa nifike Desemba ya mwaka juzi, na hapa naanza na kosa langu, maana hakuna mwingine atakayelisema.

Yeye na Khaemba walikuwa wamekodi shamba njia ya Endebess, wakavuna magunia kumi na mawili. Hapa kwetu mahindi hayauzwi Desemba ukiwa na akili. Unayaweka mpaka yaadimike. Yalikuwa kwenye stoo ya ploti, yamepangwa vizuri. Wiki hiyo wezi wakavunja stoo ya Kimaiyo, nyumba ya tatu kutoka kwetu, wakaenda na magunia sita. Habari hiyo nilimpelekea mimi. Nami nikiwa na habari siwezi kuibeba ilivyo. Magunia sita nikayafanya kumi. Tena nikamwambia wezi walikuwa na panga, jambo ambalo hakuna mtu aliyeliona wala kulisema. Sijui kwa nini niliongeza panga. Nilipenda kuona macho yake yakikua makubwa, huo ndio ukweli.

Ijumaa yake wakahamisha magunia yote hadi chumba cha nyuma. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakihema.

"Si muyalaze kitandani," nikasema, "Baba Joan alale chini."

Tukacheka sote watatu.

Jioni hiyo hiyo alienda duka la agroveti kununua vidonge vya kufukiza dumuzi, wale wadudu wa mahindi, kwa sababu mwaka uliotangulia dumuzi walimharibia magunia manne. Kevin, kijana wa dukani, alimwambia waziwazi: "Mathe, weka moja kwa gunia, na mtu asilale hapo ndani. Hii kitu si ya mchezo." Hayo niliyajua baadaye, na Mama Joan mwenyewe ndiye aliyenieleza. Alifika nyumbani akaweka viwili kila gunia. Kimoja cha dumuzi, aliniambia, na kingine cha woga wake. Akafunika magunia kwa turubai, akafunga mlango, na kwa kuwa hakuna mtu aliyelala chumba kile, aliona ametii.

Kumbe Jumamosi Joan akaitwa semina ya walimu ya ghafla, akamleta binti yake Ivy siku nne kabla ya tarehe waliyopanga. Alimshusha, akanywa chai akiwa amesimama, akarudi Bungoma. Ivy alikuwa na miaka saba, mapengo mbele, na mdomo usiopumzika. Mara zote akija hulala kwenye godoro dogo chumba cha mbele, karibu na mlango wa kutokea nje.

Mama Joan akautazama ule mlango. Akaona panga langu.

Basi akachukua godoro la Ivy akalipeleka chumba cha nyuma, kando ya magunia, penye msumari, ambapo hakuna mwizi angeweza kuingia. Alijiambia turubai limefunika, na dawa ni ya wadudu tu, na ni usiku mmoja. Akamwombea. "Bwana, naogopa wezi. Shika." Akafunga mlango.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi niliamshwa na sauti ya mtoto akitapika ng'ambo ya ukuta. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinanigonga. Nilidhani ni mafua. Nilijifunga leso nikazunguka, na nilipoingia kwao nilikutana na harufu ya ajabu, kitunguu saumu na samaki wa juzi pamoja. Ivy alikuwa mapajani mwa babu yake. Midomo yake haikuwa na rangi. Alikuwa anahema kwa haraka, vipumzi vifupi vifupi, na nilipomshika mkono ulikuwa baridi kama umetoka kisimani.

Mama Joan alikuwa amesimama katikati ya chumba na gauni lake la kanisani, zipu haijafungwa.

"Ni dawa ya mahindi," akasema. "Mama Kipchirchir, ni dawa ya mahindi. Niliweka mbili mbili."

"Nyamaza!" Khaemba alimkemea. Khaemba ni fundi wa baiskeli, mtu mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti hata akijigonga kidole. "Tukifika huko tunasema alikula kitu. Visamaki, omena. Unasikia? Ukisema dawa ni polisi wanakuja. Wewe ni mtu wa kukaa selo, Edah? Wewe?"

Khaemba akanigeukia mimi.

"Na wewe pia, Mama Kipchirchir. Tafadhali."

Nikaitikia kwa kichwa. Nataka msomaji anione hapo, mimi mtoto wa mlimani, nikiitikia kwa kichwa.

Tulipanda bodaboda mbili. Mama Joan alimkumbatia Ivy kwenye ile iliyokuwa mbele yangu na nilikuwa naona kichwa cha mtoto kikiyumba kila tuta. Nilijaribu kuomba, maneno yangu yote marefu ya kanisani yakanikimbia. Nilikuwa na moja tu: asife, asife, asife. Sijui kama hiyo ni sala.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mdogo wa kike, beji yake imeandikwa Sandra. Alimlaza Ivy, akamsikiliza kifua, akamfunua macho, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Alikula nini?"

"Omena, daktari," Khaemba akasema. "Labda ilikuwa imeharibika."

"Wengine mlikula?"

"Tulikula kidogo."

Daktari akaanza kuandika omena. Kalamu ilikuwa inakwenda na mimi naitazama. Kila mtu Matisi atakwambia mimi sina breki mdomoni. Nimewahi kumjibu chifu mbele ya baraza. Nimewahi kumkemea mchungaji. Siku ile nilijiambia haya ni mambo ya wenyewe, nikatazama ukuta. Hata nikasoma bango la kunawa mikono, mara mbili.

Mlangoni alikuwa amesimama askari wa zamu, mtu wa kawaida, anapiga miayo. Mama Joan alimtazama askari yule, tena akamtazama Ivy. Jasho lilikuwa linamtiririka ingawa asubuhi za Kitale mwezi wa Desemba ni za sweta. Kisha akakunja ngumi.

"Bwana, naogopa kufungwa," akasema kwa sauti.

Daktari akainua kichwa. Khaemba akamshika mkono kumvuta.

"Shika," Mama Joan akasema, na ngumi ikafunguka. "Daktari, hakula omena mbaya. Amelala kwa chumba yenye mahindi iko na dawa. Ni mimi niliweka. Vidonge mbili kila gunia, gunia kumi na mbili. Dirisha nilikuwa nimefunga na msumari."

Daktari hakupiga kelele. Nadhani ningependa angepiga kelele. Aliita muuguzi mara mbili kwa jina, wakamhamisha mtoto mbio mbio, oksijeni ikaja, waya zikabandikwa kifuani. Ndipo akarudi kwetu.

"Nani mwingine alilala nyumba hiyo?"

Khaemba akainua mkono. Na mimi nikainua wangu. "Ukuta haufiki juu," nikasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu tufike.

"Mtapimwa wote. Na hiyo nyumba mtu asiingie mpaka ifunguliwe wazi." Akamgeukia Mama Joan. "Mama, ningeandika omena ningekuwa natibu tumbo. Umenisaidia. Lakini sitakudanganya. Hii sumu haina dawa ya kuitoa. Tunamsaidia kupumua, tunaangalia moyo wake, basi. Leo na kesho ndiyo siku ngumu."

Khaemba akakaa chini, si kwenye benchi, chini sakafuni. Alikuwa amepanga kurudi nyumbani kuchukua blanketi na kujilaza kidogo. Angejilaza kule.

Mama Joan ndiye aliyempigia Joan simu. Nilimwambia nimpigie mimi, akakataa. Alisema yote kwa pumzi moja, dawa, godoro, msumari, na upande wa pili kukawa kimya mpaka akaitazama simu akidhani imekatika. Haikuwa imekatika. Joan alikuwa anatafuta viatu.

Alifika saa sita. Alimwona mtoto kwanza, akakaa naye dakika nyingi, ndipo akatoka ukumbini tulipokuwa. Mama Joan akasimama.

"Kwa nini hukumlaza mahali yake?" Joan aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Niliogopa wezi."

Joan akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha pumzi tu, nami nilijua wezi wale walitoka kinywani mwa nani. Sikusema. Mara ya pili siku hiyo nilinyamaza. Joan akaenda kukaa mwisho wa benchi, mbali na mama yake, mkoba mapajani, kana kwamba hawajuani.

Siku ile ilikuwa ndefu. Mashine ya Ivy ilikuwa inalia, tii, tii, ikikosea mara nyingine, na kila ilipokosea sote wanne tuliinuka na kukaa tena. Jioni daktari akasema moyo unaruka mapigo. Asubuhi ya Jumatatu akasema bado. Sijawahi kuogopa vile, si wakati wa kuzaa, si siku ya kumzika mume wangu. Mume wangu alikuwa ameugua, nilikuwa nimejiandaa. Huyu mtoto siku mbili kabla alikuwa ananiuliza kwa nini meno yangu ya mbele ni ya kahawia.

Jambo lililonishangaza ni kwamba Mama Joan hakuwa anaomba. Alikuwa amekaa na ngumi zake mbili zimekunjwa mapajani, mdomo umefungwa. Kina mama wa kanisani walikuja, wakaomba wakalia, yeye akasema amina, lakini lile neno lake halikutoka. Jumatatu saa nne nikashindwa kuvumilia.

"Mama Joan, mbona huombi? Si uombe ile yako."

Alitazama ngumi zake.

"Ile ya kufungwa nilitoa," akasema. "Hiyo ilikuwa yangu. Ya Ivy nashindwa. Nikisema shika, ni lazima nifungue mkono." Akanigeukia. "Na akishika akose kurudisha?"

Miaka yote nilidhani yale maombi ni rahisi, ya kitoto, nikawa nayacheka ndani ya leso. Sikujua alikuwa analipa nini kila alipofungua vidole. Nilimshika bega tu, nikalia, na kulia mbele ya watu si tabia yangu.

Mashine ikalia vibaya tena. Safari hii wauguzi wawili walipita mbio na pazia likavutwa. Joan alisimama katikati ya ukumbi akiwa ameweka mikono kichwani. Sote tulisikia sauti za kule ndani na hakuna tulichoelewa.

Mama Joan akainuka. Akaenda mpaka alipokuwa binti yake, asimguse, akasimama kando yake wakitazama pazia.

"Bwana," akasema, "naogopa Ivy atakufa."

Vidole vilikataa. Niliviona vikikataa. Vilifunguka kimoja kimoja, kama vya mtu aliyebeba ndoo mbali sana, na Joan, macho yakiwa yamefumbwa, akasema neno lile pamoja na mama yake, jinsi alivyofunzwa akiwa mtoto wa kuogopa giza.

"Shika."

Hakuna kilichotokea. Nasema hivyo kwa sababu watu wa kanisani kwetu wakisimulia hufanya moyo wa mtoto utulie palepale, na si kweli. Pazia lilibaki limevutwa muda mrefu sana. Daktari alipotoka alisema wamemrudisha lakini tusishangilie. Usiku ule Mama Joan aliogopa kama alivyoogopa mchana. Tofauti niliyoiona ni moja tu, viganja vyake vilikuwa wazi mapajani, vimelala chali, na kila vilipoanza kukunjika alivifungua tena.

Jumatano Ivy aliomba chai ya maziwa, akalalamika haina sukari.

Askari walikuja, ndiyo. Wakaandika maelezo yake yote, wakamkaripia, naye akajibu kila swali akiwa ameshika ukuta. Wakaondoka. Magunia yalitolewa nje, nyumba ikakaa wazi siku nyingi, sisi tukahifadhiwa kanisani. Joan akaenda na mtoto Bungoma bila kuaga vizuri. Kuanzia hapo simu zake zilikuwa fupi. Mama Joan alikuwa akiniambia, "Leo ameongea dakika mbili," na kesho yake, "Leo alisema yuko darasani," na alikuwa anaogopa, alinieleza wazi, kwamba yule mtoto hatamwona tena ndani ya nyumba ile.

Likizo ya Aprili, bila simu, Joan akaingia getini na Ivy mkononi. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma. Kilikuwa na godoro tu. Akatazama dirisha, akaliona tundu kwenye mbao mahali msumari ulipokuwa. Akalisukuma, likafunguka mpaka mwisho. "Sawa," akasema. Akanywa chai, safari hii akiwa ameketi.

Jioni ya siku hiyo, saa moja hivi, nilitoka nyuma kuanua nguo zangu. Dirisha lilikuwa wazi, pazia linapeperuka nje, na ndani nilisikia Ivy akikoroma. Chini ya dirisha, kwenye stuli, alikuwa amekaa Mama Joan amejifunika blanketi.

"Unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Naogopa."

"Nini?"

"Wezi."

"Si ufunge basi."

"Mtoto analala."

Nikaweka nguo chini. Nikajua ni sasa ama nitazeeka na lile kosa langu. "Mama Joan," nikasema, "kwa Kimaiyo hakukuwa na panga. Niliongeza mimi. Na gunia zilikuwa sita."

Mbwa wa Kimaiyo akabweka, Mama Joan akashtuka, akatulia.

"Najua," akasema. "Kimaiyo aliniambia Januari."

"Na mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utahama."

Yeye akaingiza mkono chini ya blanketi, akautoa umekunjwa ngumi, akaufungua mbele yangu. Palikuwa na ule msumari wa inchi nne, umepinda, ncha yake ina kutu.

"Shika," akaniambia. "Niwekee kwako. Na nikikuja kuiomba, usinipe."

Nikauchukua, nikauweka kwenye kopo la majani ya chai. Usiku ule aliniita mara mbili juu ya ukuta, akiuomba. Sikumpa.